Lavenda Hadi Viwikoni

Ukitaka kujua watu wa Ruiru wana haraka, simama mlangoni mwa supamaketi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wanaingia kana kwamba unga utaisha leo, watoto wanavutwa mikono, na askari wa mlangoni anapiga risiti mihuri bila kuzisoma. Hapo ndipo Selpha Nekesa alipokuwa ameweka meza yake, na juu yake chupa za kahawia zisizozidi kidole gumba: lavenda, mkaratusi, mchaichai, rozmeri, mnanaa. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililomshika kiunoni, na nywele amesuka mistari midogo iliyokutana kisogoni. Alijua amependeza. Kazi yake ilikuwa kuuza harufu nzuri, na hakuna anayenunua harufu nzuri kwa mtu aliyechakaa.

Alikuwa anamhudumia mama mmoja wa Membley, mtaa wa matajiri, mwenye funguo za gari mkononi.

"Matone matano, madam. Usiweke kwa mwili. Weka kwa kona ya sakafu ya shawa, pale maji hayapigi sana. Fungua maji moto, funga mlango, halafu vuta pumzi. Utatoka huko ukijisikia umetoka fungate."

Mama akacheka, akanunua mbili, akaenda zake. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamume mrefu, mwembamba, ovaroli ya bluu iliyofuliwa hadi ikapauka, sanduku la vyuma mkono mmoja na kipande cha paipu kwapani. Hakusalimia. Alichukua chupa ya kwanza, akainusa macho yamefungwa. Akaiweka. Akachukua ya pili. Alipofika ya tano Selpha akashindwa kuvumilia.

"Ndugu, unanunua ama unashiba?"

Yule mwanamume akafungua macho, akacheka kwa aibu. Alikuwa na meno mazuri. "Pole, siste. Gani inaua harufu?"

"Harufu ya nini?"

Akasita. "Ya mtu."

"Mtu gani? Wewe hunuki. Wewe unanuka sabuni ya kipande tu."

"Chukulia ni mimi."

"Basi chukua lavenda, na hii ya mkaratusi uchanganye. Umesikia vile nimeambia yule mama? Matone matano kwa kona ya shawa."

"Na kama mtu anaoga amelala?"

Selpha akainua nyusi. Kwa mawazo yake, kuoga umelala kulikuwa na maana moja tu, lile hodhi jeupe la kuogea wanalowekewa wenye nazo. "Haiya! Hapo ni tofauti. Mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu, halafu yanachoma ngozi. Yachanganye kwanza na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi, ndio umwage kwa maji."

"Kijiko kimoja," akarudia taratibu, kama mtu anayeelezwa dawa na daktari.

"Kwani fundi, uko na hodhi kwako?"

"Mimi nafunga shawa za umeme. Membley, hata huko Thika. Naitwa Gachau."

Hakuwa amejibu swali, na Selpha, ambaye wateja huwa hawamponyoki, hakuliona hilo. Alikuwa anaangalia yale meno.

* * *

Gachau alipiga simu Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Umeamka, Selpha wa marashi?"

"Nani amekupa namba yangu?"

"Imeandikwa kwa chupa, mrembo. Hapa chini ya 'weka mbali na watoto.'"

Selpha akacheka akiwa bado chini ya blanketi. Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi. Gachau alipiga simu akiwa juu ya ngazi, akiwa ndani ya bafu la mtu, akinong'ona ili mwenye nyumba asimsikie. Alimuuliza maswali ya ajabu ambayo Selpha aliyachukua kuwa ni mapenzi: je, lavenda inaweza kukausha ngozi ya mtu mzee? Mnanaa ukigusa kidonda je? "Usithubutu," Selpha akamjibu, "mnanaa kwa kidonda ni moto, mafuta yoyote ni ya pembeni tu. Kwani umejikata wapi, baby?" Naye akasema ni bisibisi tu.

Mwezi wa pili alikuja Mugutha, alikokaa Selpha, kumtengenezea shawa, kwa sababu ile ya Selpha ilikuwa inampiga shoti kila akigusa bomba. Alifungua kile kichwa cheupe, akakiangalia, akatingisha kichwa chake mwenyewe.

"Aliyefunga hii alitaka ufe."

"Basi asante kwa kunipa maisha. Ingia uoge, wewe ndio wa kwanza kuijaribu."

Alimwekea matone yake kwenye kona, akamfungia mlango, akaenda kupika chai. Chai ikachemka, ikapoa, na mvuke wa mkaratusi ukapita chini ya mlango hadi kitandani. Akabisha. "Gachau, umelala humo?" Alipotoka, taulo begani, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mkaratusi umeniingia machoni," akasema.

Akamwamini. Hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kuna mtu mzima anayeweza kulia bafuni kwa sababu tu miaka mitatu imepita bila mtu kumwambia aoge polepole. Walikunywa ile chai ya moto wa pili wakiwa wameketi ukingoni mwa kitanda, na Selpha akaegemeza kichwa begani kwake. Alimpenda. Lazima lisemwe waziwazi, kwa maana mambo aliyoyafanya baadaye watu wangeweza kudhani hakumpenda.

Lakini saa kumi kamili Gachau alisimama. Kila siku alisimama saa kumi. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja simu yake ilizimwa, na Thika kwake hakumpeleka.

"Nipeleke kwenu nimwone mama."

"Nitakupeleka, mpenzi."

"Lini?"

"Kuna vitu narekebisha kwa nyumba."

Selpha alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kabla ya huyu alikuwa amekaa miaka miwili na mwanamume wa kuuza magari ambaye naye alikuwa akirekebisha nyumba, mpaka siku mkewe alipopiga simu kutoka Kitengela kuuliza huyu Selpha ni nani. Aliapa hatachezewa tena. Ndoa ndiyo kitu alichokitaka, ndoa ya mtu aliye wake peke yake, na aliona huyu anaweza kuwa ndiye. Kwa hiyo akaanza kuchunguza.

Chupa ya lavenda kwa mtu mmoja humaliza miezi miwili. Gachau alimaliza mbili kwa mwezi. Kuna siku alimwomba amtumie kwa bodaboda, kwenye duka la mtu aitwaye Nzioki, Kiandutu, mtaa wa mabanda huko Thika, kwa kuwa hangeweza kutoka.

Halafu ikaja ile Jumapili. Gachau alifika Mugutha amechelewa, shati jeupe la kanisani, mikono yake imekunjwa na imelowa kingo. Alimkumbatia. Selpha akainusa shingo: sabuni ya kipande. Akanusa kifua: sabuni ya kipande. Kisha akamshika mkono, akaupeleka puani kama kwa kudeka, akapandisha taratibu. Lavenda kwenye vidole, lavenda kwenye kifundo, lavenda hadi kwenye kiwiko, na hapo ikakatika. Mkono wa pili vilevile.

Mtu anayeoga hunukia mwili mzima. Mtu anayejipaka hunukia shingoni. Selpha alikuwa amefanya kazi hii miaka sita na alijua ni nani hunukia hadi viwikoni. Ni mtu anayemwogesha mwingine.

* * *

"Kuna mtoto ama kuna mwanamke," akasema Katunge, ambaye walishirikiana naye duka dogo karibu na stendi. Katunge alikuwa na ulimi ambao ungeweza kuvunja ndoa tatu kwa siku moja. "Na mtoto haogeshwi lavenda chupa mbili kwa mwezi. Si ulisema aliuliza kuhusu kuoga amelala? Kuna mama tajiri huko Membley, siste. Amelala kwa hodhi lake, na fundi wako anamsugua mgongo."

Mchana mzima Selpha alibandika vibandiko kwenye chupa na vyote vikaenda upande. Saa kumi kasoro akampigia.

"Sasa, mrembo?"

"Gachau, nataka unijibu kitu kimoja. Kuna mwanamke?"

Nyuma yake kulisikika maji yakidondoka kwenye bomba la mtu.

"Kuna mwanamke unamwogesha?"

"Nani amekuambia?"

"Mikono yako imeniambia! Yuko ama hayuko?"

Hapa ndipo mtu angeweza kusema neno moja na yote yakaisha. Gachau alilifungulia kinywa lile neno, akalimeza.

"Yuko," akasema.

"Unamwogesha kila siku?"

"Kila siku."

"Na unampenda?"

"Selpha... nampenda. Wacha tu hivyo. Ukitaka kuniacha, niache, sitakulaumu. Lakini usiniulize tena."

Gachau akakata simu. Mwanamume anayedanganya hukana, hata angekutwa kitandani. Huyu amekubali kwa sauti ya mtu aliyehukumiwa. Mtu mwenye moyo uliotulia angejiuliza kwa nini. Selpha hakuwa na moyo uliotulia. Alivua aproni, akavaa viatu vya chini, akashika njia ya Thika.

Kiandutu saa kumi na mbili jioni ni moshi wa majiko na maji machafu yakimwagwa vichochoroni. Alilipata duka la Nzioki bila shida.

"Namtafuta Gachau, fundi wa shawa."

Nzioki, mzee wa fulana ya kijani, akaonyesha kwa kidevu. "Ule mlango wa bluu. Lakini saa hii huwa hawafungulii mtu."

"Hawafungulii? Kwani wako wangapi?"

"Yeye na Magdalene."

Jina hilo lilimpanda Selpha kichwani. Kumbe hata si tajiri wa Membley, ni mtu wa hapa hapa. Alivuka ule uchochoro akiwa hasikii hata miguu yake.

"Magdalene!" akapiga kelele, akigonga mlango kwa ngumi. "Magdalene, toka nje nikuone! Toka na hiyo lavenda yangu! Gachau, mtoe huyo malaya wako!"

Ndani kitu cha chuma kilianguka. Wanawake wa ploti ile ya vyumba vya kupanga walitoka, mmoja na ungo, mmoja na mtoto mgongoni, wengine na sabuni mikononi. Watu walianza kusogea, maana sinema ya bure haikosi watazamaji. "Fungua!" Selpha akalisukuma bati kwa bega. Lilikuwa limefungwa kwa msumari uliokunjwa, na msumari ule ukatoka.

Mlango ukafunguka wote.

Juu ya godoro lililotandikwa nailoni, chini ya taa ya umeme, alikuwa amelala mwanamke mzee, mwembamba, uchi kabisa, amegeuzwa ubavu. Gachau alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umemshika bega, mwingine una kitambaa. Kando kulikuwa na beseni, na jingine limepinduka. Mgongoni mwa yule mama, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kidonda ambacho kiganja cha Selpha kisingekifunika. Harufu ya lavenda ilijaa chumba, na chini yake ilikuwepo ile harufu nyingine.

Mama hakujaribu kujifunika mwili. Nusu ya mwili wake haikuwa na nguvu. Ule mkono mmoja uliobaki na uhai aliuinua, akajifunika uso.

"Maitu," akasema Gachau. "Maitu, usiangalie." Kisha akamgeukia Selpha. "Funga mlango."

Lakini Selpha hakuweza kusogea, na nyuma yake palikuwa na ploti nzima.

"Ngai! Ni mamake!" mmoja akasema.

"Anamwosha mamake mzazi? Mwanamume?"

"Hiyo ni laana, kweli tena."

Na mmoja, nani ajuaye ni yupi, akacheka.

* * *

Mwanamume wa Kikuyu haoni uchi wa mama yake. Hilo halifundishwi, mtu hukua akilijua, kama anavyojua kutougusa moto. Kwa hiyo ploti ile ilikuwa ikidhani kuna dada wa kanisa anayekuja kumwosha Magdalene, na Gachau akawaacha wadhani.

Siku nane mfululizo Selpha alipiga simu isiyopokelewa. Alituma jumbe za kuomba msamaha, ndefu, zenye machozi, hazikujibiwa. Alikwenda mara mbili hadi kwa Nzioki akarudi, miguu ikakataa kuvuka uchochoro. Alijichukia, akamchukia Katunge, akaichukia pua yake mwenyewe.

Siku ya tisa Gachau aliingia dukani mwenyewe. Ndevu zimeota, ile ovaroli ya bluu ina uchafu wa siku nyingi. Katunge alipomwona alikumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kununua nje.

"Amekataa," akasema Gachau kabla hajaulizwa. "Tangu siku ile. Hataki nimguse. Nikileta maji anapiga mayowe. Siku tisa, Selpha. Kile kidonda... mtu akipita nje anasikia harufu."

"Na majirani?"

"Majirani!" Akacheka bila furaha. "Mwaka wa kwanza alipopata kiharusi, jirani mmoja alijitolea. Akamwosha siku moja. Kesho yake kwa foleni ya maji anasimulia vile Magdalene alijichafua. Mama alisikia yote, kuta ni mabati. Akasema afadhali aoze. Ndugu yangu Muriithi yuko Nyahururu, hata simu hashiki. Nilikuwa nimebaki mimi."

Selpha aliogopa kwamba akifungua mdomo atalia, na hakuwa na haki ya kulia yeye.

"Nilimwosha nikiwa nimejifunga kitambaa machoni," Gachau akaendelea, akiangalia sakafu. "Miezi minne. Napapasa tu. Ndio maana kidonda kilianza na sikukiona. Siku moja harufu ikanishinda, nikamwambia, maitu, kuna kitu hapa mgongoni. Akasema, toa hicho kitambaa uone. Lakini mtu yeyote asijue mpaka nizikwe. Nikaapa, Selpha. Kwa jina la Mungu niliapa."

"Ndio maana ulisema yuko."

"Ulikuwa unaniuliza kama kuna mwanamke. Ningesema nini? Nikaona heri unione mimi mbaya."

"Ungeniambia tu, Gachau!"

"Ningekuambia, halafu kile kiapo kwa mama kingekuwa nini?" Sauti yake ilipanda, ikashuka. "Sikuja tugombane. Nimekuja kwa sababu wewe ndiye mtu wa mwisho ningetaka kumwomba, na sina mwingine."

Selpha alikuwa tayari anakusanya: mafuta ya nazi, lavenda, pamba, glavu. Glavu akazirudisha kwenye rafu.

* * *

Magdalene alikuwa ameugeukia ukuta. Aliposikia mlango alijua si hatua za mwanawe, na ule mkono mmoja ukalikaza shuka shingoni. Gachau alibaki mlangoni, mgongo wake ndani, uso wake nje.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Selpha. Ndiye nilikuja nikapiga kelele."

Selpha akapiga magoti kando ya godoro.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Na kukuosha, ukikubali."

Maneno ya Magdalene yalitoka upande mmoja wa mdomo, polepole, yakivutana, lakini kila moja lilieleweka. "Wewe ndiye ulifanya watu wanicheke."

"Ndiyo, mama."

"Utaenda kusimulia."

"Sitasimulia."

"Yule pia alisema hatasimulia." Akapumua kidogo. "Mimi nilikuwa nauza nguo kwa soko ya Thika. Mimi nilikuwa nafungia watu leso. Sasa naoshwa na mtu wa barabara? Wewe ni nani kwake?"

Selpha akageuka kuutazama mgongo wa Gachau pale mlangoni. Hawakuwa wamezungumza lolote la namna hiyo. Njia nzima kutoka Ruiru hawakuzungumza kabisa. Mgongo ule haukusogea.

"Mimi ni mke wake," akasema.

Magdalene akageuza kichwa, kwa taabu, mpaka jicho moja likamfikia. Lilikuwa jicho kali, la mfanyabiashara. Lilimkagua kuanzia nywele hadi viatu.

"Gachau. Ni kweli?"

Mlangoni Gachau aliushika ukingo wa bati.

"Usimfiche kidonda, maitu," akasema Gachau. "Mwache akione." Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

Selpha alichanganya matone matatu na kijiko cha mafuta ya nazi, akayamimina kwenye maji, akayakoroga kwa kiganja. Alianza na uso, akashuka shingo, kwapa, chini ya matiti, kila mahali pa kukunjana. Alipofungua mgongo ile harufu nyingine ikampiga usoni. Miaka sita alikuwa akiwaambia watu kwamba lavenda hufunika kila kitu, na sasa aliona kwamba si kweli. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akapaka mafuta pembeni tu, pale ngozi ilipokuwa bado nzima, kama alivyokuwa amemwagiza Gachau kwenye simu akidhani anazungumzia bisibisi.

"Una mikono mizito," akasema Magdalene.

"Nitaipunguza, mama."

"Yake ni mepesi." Chozi likamtoka lile jicho, likaingia sikioni. "Mtoto wangu ana mikono mepesi sana."

Kila jioni kwa siku saba Selpha alifunga duka mapema akaenda. Siku ya tatu Magdalene alimuuliza anatoka kwa watu gani, na aliposikia ni Bungoma akasema mbali hivyo, na ugali mnakula mkubwa. Siku ya tano alimwita mwari wakwa, binti yangu. Siku ya saba alikuwa na homa, hakumtambua mtu.

Hospitalini daktari kijana alikifunua kidonda, akakifunika. Alisema sumu imeingia kwenye damu. Akauliza kama kulikuwa na kipindi hakikuoshwa.

"Siku tisa," akajibu Gachau.

Daktari akaandika. Selpha alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na alisikia. Magdalene alikufa Alhamisi kabla ya saa sita mchana.

* * *

Wanawake wa kanisa walikuja kumwosha na kumvisha. Gachau aliwaambia, "Selpha ataosha." Hakusema Selpha ni nani, nao hawakuuliza. Alimwosha peke yake, kwenye meza baridi ya mochari, bila haraka.

Walimzika kwenye makaburi ya umma ya Thika, kwa kuwa hawakuwa na shamba. Baadaye watu walirudi Kiandutu kula. Wale wanawake waliokuwa wamejazana mlangoni siku ile ndio waliokuwa wakipika, na walipika kwa bidii ya watu wanaoona haya. Selpha alikuwa amejifunga leso nyeusi, gauni la kijivu lisilo na kiuno. Gachau alisimama peke yake karibu na tangi la maji, suti ya kuazima imemshinda mabega. Selpha akamwendea. Alijua akingoja hatasema kamwe.

"Gachau, mimi ndiye niliyemuua mama yako."

Alitaka akatae. Moyo wake wote ulikuwa unaomba aseme hapana, ni ugonjwa, ni Mungu.

"Ndiyo," akasema Gachau. "Zile siku tisa ni zako. Kwa hilo sitakudanganya." Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. "Na kuna siku nilizokuficha ukweli. Hizo nazo ni zangu. Nimehesabu kila usiku, Selpha, yako na yangu. Haitoki sawa na haitaisha."

"Nikikutoka machoni itakuwa rahisi?"

"Sijui."

"Nilimdanganya mama yako akiwa anakufa. Nilisema ni mke wako."

Gachau akageukia tangi. Selpha akatikisa kichwa, akaanza kulegeza fundo la leso, aende. Alikuwa amepiga hatua tatu wakati shangazi wa Gachau aliyetoka mbali kuja kuzika, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alipotokea jikoni na sufuria mbili mikononi.

"Mke wa Gachau ako wapi?" akapaza sauti. "Magdalene aliniambia kwa simu ako na mke! Akuje aoshe vyombo, watu hawajapata sahani!"

Ploti ikageuka. Wanawake wote, mmoja mmoja, wakamtazama Selpha, kisha wakamtazama Gachau. Selpha alisimama pale pale, fundo la leso mkononi, akingoja amsahihishe shangazi yake. Ilikuwa haki yake. Angesema neno moja, na Selpha angeondoka bila kulalamika, mpaka Ruiru, mpaka mwisho.

Gachau alimtazama. Hakukuwa na tabasamu.

"Wanakuita," akasema. "Enda."

Selpha akalikaza lile fundo, akakunja mikono ya gauni, akaenda kuosha vyombo.